Mtaje mtumwa mmoja kwa jina

Muulize kijana yeyote aliyemaliza fomu foo akutajie mtumwa mmoja kwa jina. Mmoja tu. Atakutajia Tippu Tip, atakutajia Seyyid Said na Barghash, Livingstone lazima awemo, akijitahidi sana atakumbuka na mkataba wa Moresby wa 1822 na ule wa Hamerton wa 1845, ile ya kubana biashara ya watumwa, kwa sababu hivyo vilikuwa vinakuja kwenye mtihani. Ila jina la mtu aliyefungwa shingoni akatembezwa kutoka kule Nyasa mpaka Kilwa, hana. Na wala sio kosa lake, hakufundishwa, na ticha wake naye hakufundishwa, na notsi anazotumia ticha ni zilezile alizonakili yeye akiwa mwanafunzi.

Topiki nzima ya utumwa kwetu tunaifundisha kama topiki ya biashara. Sababu: karafuu Unguja na Pemba zilihitaji vibarua wa bure, Wafaransa walihitaji watu kwenye miwa yao Réunion na Mauritius, pembe za ndovu zilihitaji wabebaji. Halafu njia: Kilwa kwenda Ziwa Nyasa, Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Halafu athari, pointi sita, kila moja na mstari mmoja wa maelezo. Vyote hivyo ni vya kweli na mtoto avijue, sipingi. Lakini ukimaliza hapo umejua bidhaa ilitoka wapi na ilifika wapi, na bei ilipandaje, yaani umekaa upande wa mnunuzi muda wote bila hata kujijua.

Mi naona tugeuze. Tuanze na mtu mmoja, maisha yake, alikotoka, alichokifanya akiwa mikononi mwa watu, alivyomaliza. Sababu na athari zitajileta zenyewe.

Kila nikisema hivi kuna mtu ananijibu eti hatuna kumbukumbu, watumwa wetu hawakuandika. Hii ndo kauli iliyotufikisha hapa tulipo, na sio kweli. Chukua Swema. Huyu alikuwa binti wa Kiyao, mtoto mdogo tu, na habari zake alizisimulia mwenyewe kwa wamisheni Wakatoliki Unguja miaka ya 1860. Baba yake alikufa, familia ikayumba, mama akaingia kwenye deni. Deni likashindikana, basi mdai akamchukua mtoto na mtoto akaingia kwenye msafara uliokuwa unateremka pwani. Mama yake akaomba afuatane nao, mtu huru anajiunga mwenyewe na msafara wa watumwa ili asitengane na mwanawe. Njiani akaishiwa nguvu, akaachwa. Mtoto akaendelea. Akafika Unguja akiwa mahututi kiasi kwamba waliomnunua waliona hana faida tena, wakamzika kwenye shimo fupi akiwa bado anapumua, kijana mmoja aliyepita akasikia sauti akamfukua na kumpeleka misheni.

Sasa ticha, hebu angalia hadithi hiyo moja ina nini ndani. Hamna uvamizi wa usiku, hamna kijiji kinachochomwa moto, picha ambayo vitabu vyetu vinaipenda. Kuna deni. Kuna mjane asiye na ndugu wa kumsimamia, na kuna jirani anayemdai. Mwanafunzi akisoma hivyo anaanza kuuliza mwenyewe, kwa nini mtoto ndo awe rehani? Hao ndugu wa upande wa baba walikuwa wapi? Msafara ulifikaje kijijini kwao, na nani aliupokea? Na hapo unamwambia njaa na deni vilivyokuwa vinawaingiza watu utumwani ukanda wote huu, hata kwa Wamijikenda nyuma ya Mombasa ile njaa kubwa ya miaka ya 1880 watu waliweka watoto rehani kwa wenye chakula na wengine hawakurudi kamwe. Hiyo ni pointi ambayo kwenye notsi ingekuwa mstari mmoja, "ukame na njaa", na mtoto angeikariri bila kuona mtu ndani yake.

Sawa, na hapa wale wajuzi wa historia watanirukia, kwamba hadithi ya Swema ilichapishwa na Wafaransa, Paris, 1870, kwa ajili ya kuwagusa wafadhili Wakatoliki watoe hela. Ni kweli kabisa. Na mwisho wake unanukia mahubiri: binti anakutana tena na mtu wa upande wa wale waliomtenda, safari hii yeye ndo mgonjwa, na binti anamuuguza na kumsamehe. Inawezekana ilitokea, inawezekana padri aliipamba. Ila mi sioni kwa nini hilo liwe sababu ya kuitupa. Hilo ndo somo lenyewe! Mpe mwanafunzi kipande cha safari na kipande cha msamaha, muulize kipi kinasikika kama kumbukumbu ya mtoto na kipi kinasikika kama sauti ya mzee anayetafuta mchango. Madogo wa kidato cha pili wanaliweza hilo vizuri tu, wanaishi mtandaoni, kila siku wanapambanua nani anaigiza na nani anasema kweli. Sisi ndo tunawadharau tunadhani wanaweza kukariri tu.

Kuna vijana wa Kiungani pia. Kiungani ilikuwa shule ya wamisheni wa Kianglikana pale Unguja, wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto ambao manowari za Waingereza ziliwaokoa kwenye majahazi ya watumwa. Walimu wao wakawaambia waandike habari zao, kwao kulikuwaje, walikamatwaje, walipita wapi. Zikatoka kitabu 1887, kimetafsiriwa na kuhaririwa na A. C. Madan, yuleyule wa makamusi ya Kiswahili. Nasema kimetafsiriwa, maana vijana waliandika kwa Kiswahili na wasomaji Uingereza wakapata kwa Kiingereza. Kwa hiyo leo ticha wa Lindi au Kigoma akitaka kumsomea mwanafunzi maneno ya mtoto wa umri wake aliyepita palepale alipo yeye, inabidi ayapate kwa lugha ya watu wengine. Mimi jambo hili linanikera kuliko mengi. Tuna mabaraza ya Kiswahili, tuna vyuo vikuu vyenye idara za Kiswahili, wanafunzi wa masta kila mwaka wanatafuta mada ya kuandikia, na hicho kitabu kipo tu.

Livingstone naye tumtumie vizuri basi, maana hatoki kwenye silabasi huyo. Alifia kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, na wenzake wakaukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wenzake ni akina nani? Kuna Chuma, Myao, aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Kuna Susi. Kuna Jacob Wainwright, naye Myao aliyekuwa mtumwa, akaokolewa baharini, akasomeshwa Nasik kule India, na huyu aliandika shajara ya safari hiyo kwa mkono wake, halafu akasafiri na jeneza mpaka London na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza Westminster Abbey. Mtu aliyewahi kuuzwa! Na bado sisi darasani tunauliza "taja sababu tatu za safari za Livingstone". Ukiuliza "Wainwright alikuwa na sababu gani ya kubeba maiti ya Mzungu miezi tisa, wakati angeweza kumzika na kwenda zake" darasa zima linaamka. Wengine watakwambia malipo, wengine dini, wengine watasema walihofia kushtakiwa kuwa wamemuua. Yote yanajadilika, na kuyajadili maana yake umemchukulia Wainwright kama mtu mwenye akili na hesabu zake kichwani.

Hilo la hesabu zake kichwani ndo kubwa kwangu. Tukimfundisha mtumwa kama mtu wa kupigwa tu na kulia tu, tumemhurumia, lakini bado hatumjui. Maisha ya utumwa huku pwani yalikuwa na ngazi, na kila mtu kwenye ngazi yake alikuwa anapambana. Kuna "mjinga", yaani mgeni aliyeshushwa juzi kwenye jahazi hajui hata lugha. Kuna mzalia, kazaliwa nyumbani kwa bwana, Kiswahili chake safi na dini anaijua. Kuna wa shamba, ambao kwenye karafuu za Unguja ilikuwa kawaida wapate Alhamisi na Ijumaa kulima vya kwao. Kuna vibarua wa mjini waliotoka asubuhi kwenda kutafuta kazi na jioni wanampelekea bwana sehemu ya ujira. Kuna suria, ambaye akizaa na bwana wake mtoto ni huru. Sasa mwanafunzi akijua hivi anaelewa kwa nini mtumwa mmoja anatoroka na mwingine anakazana kujifunza Kurani na mwingine anaomba auzwe kwa bwana mwingine. Wote hao wanatafuta nafasi.

Na kuna nguo. Mi ningemshauri ticha yeyote wa pwani aende darasani na kaniki moja, basi, aiweke mezani. Kaniki, kile kitambaa cheusi cha kina bibi, ndo walichokuwa wanavaa wanawake watumwa. Kichwa wazi. Wanaume hawakutakiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya mabwana. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja, watu walikimbilia dukani, wakaanza kuvaa kanga zenye rangi, wakafunika vichwa, wanaume wakavaa kanzu na kofia, baadaye buibui likaja. Mtoto ambaye nyumbani kwao kuna kabati limejaa kanga ghafla anaelewa kwamba bibi wa bibi yake huenda alivaa kanga yake ya kwanza kama mtu anayetangaza kitu mtaani. Hapo hakuna mnyororo wala kiboko kilichotajwa lakini somo la utumwa limeingia.

Ukishafika hapo Siti binti Saad anakusubiri. Alizaliwa Fumba, karibu na 1880, wazazi wake wana asili ya utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikuwa anauza vyungu. Mwaka 1928 huyohuyo alipanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, sauti ikasikika pwani nzima, na Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake. Wanafunzi wanamsoma Siti kwenye fasihi, wanamsikia kwenye taarabu, na utumwa wanausoma kwenye historia, na hakuna mtu anayewaambia ni mlango uleule. Kwa Kenya kuna Mishi wa Abdala wa Mombasa, mzao wa watumwa, ambaye maisha yake yalirekodiwa miaka ya 1970 pamoja na ya wanawake wengine wawili, mmojawapo Kaje wa Mwenye Matano ambaye yeye ni wa ukoo wa waungwana. Kitabu kilitoka 1989 kwa Kiingereza na 1991 kikatoka cha Kiswahili, maneno yao wenyewe kama walivyoyasema. Weka ukurasa wa Bi Mishi na ukurasa wa Bi Kaje pembeni yake, wote watu wa mji mmoja, wanazungumzia enzi zilezile, waache madogo waone mtu anakumbuka nini kutegemea alikuwa amekaa wapi.

Wamarekani wao kati ya 1936 na 1938 serikali ililipa watu wakazunguka kuwahoji waliowahi kuwa watumwa, wakapata masimulizi zaidi ya 2,300. Na huko nako wasomi wanalalamika, kwamba wahojaji wengi walikuwa Wazungu na mzee Mweusi wa Alabama enzi hizo asingemwambia Mzungu kila kitu, haki kabisa. Lakini wamepata. Huku kwetu Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria 1922, kwa hiyo wakati wa uhuru 1961 wazee waliowahi kuwa watumwa walikuwa bado wapo barazani wanakunywa kahawa. Wachache tu waliandikwa. Mmoja ni Rashid bin Hassani, Mbisa, aliyeletwa Unguja mtoto akawa mtumwa wa Bibi Zem Zem, dada yake Sultani Barghash, na maisha yake yakaandikwa na ofisa wa Kiingereza miaka ya 1930. Wengine wameondoka na habari zao.

Hebu nije kwenye sheria maana hapa ndo notsi zetu zinadanganya kabisa. Zinasema "utumwa ulikomeshwa Zanzibar 1897". Kaa chini uone ulikomeshwaje. Tamko la Aprili 1897 halikumfungua mtu yeyote pale pale. Lilisema mtumwa anayetaka uhuru aende mwenyewe mahakamani aombe, na aonyeshe ana pa kukaa na ana namna ya kujilisha, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Bwana wake analipwa fidia na serikali. Yeye halipwi kitu. Na masuria hawakuhesabiwa kabisa, waliambiwa wao ni kama wake, mpaka 1909 ndo nao wakaingizwa. Sasa mpe mwanafunzi zoezi: wewe ni mwanamke wa shamba huko Pemba, una kibanda kwenye ardhi ya bwana na mihogo yako miwili mitatu. Ukienda mahakamani unashinda, lakini unapoteza kibanda na mihogo. Unaenda au hauendi? Andika aya moja. Hilo zoezi halina jibu la kukariri, na wengi kweli hawakwenda, walibaki wakapatana na mwenye shamba siku za kumfanyia kazi. Ukilifanya hilo zoezi, mwanafunzi hatakuuliza tena lile swali la kijinga la "sasa kwa nini hawakuondoka?"

Nimesema aandike, sikusema aigize. Hii naisisitiza kwa sababu kuna walimu wabunifu sana siku hizi. Usiwafunge watoto kamba, usiwapange mstari, usifanye mnada. Marekani imetokea mara kadhaa mwalimu kafanya mnada wa kuigiza darasani, watoto Weusi ndo wamenunuliwa, na wazazi wakaja juu na walikuwa na haki. Mchezo wa namna hiyo unachofundisha ni aibu kwa mmoja na kicheko kwa mwingine.

Ziara nazo tuziangalie. Kila shule inayovuka kwenda Unguja inapelekwa Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa 1873. Watoto wanapiga picha kwenye lile shimo lenye sanamu tano za Clara Sörnäs, za 1998, zenye minyororo shingoni, halafu wanashushwa kwenye vile vyumba vya chini vyenye dari ya kugonga kichwa, wanaambiwa hapa walikuwa wanajazwa watumwa. Wanatoka wanalia. Ila jengo lenye vile vyumba lilijengwa na wamisheni kama hospitali, baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamekuwa wakihoji sana hayo maelezo. Ticha anayejua hivyo ana dhahabu mkononi, kwa sababu anaweza kuwauliza palepale kwa nini sisi watu tunahitaji chumba cha giza ili tuamini, wakati ushahidi wa maandishi wa watoto waliopita mji huuhuu upo.

Najua kinachowaogopesha walimu, hasa Zanzibar na Mombasa. Darasani una mtoto ambaye babu yake alikuwa na watumwa na pembeni yake mtoto ambaye babu yake alikuwa mtumwa, na mara nyingi, tuseme ukweli, ni babu wa mtoto huyohuyo mmoja. Ukigusa unaambiwa unachochea, unaleta mambo ya mapinduzi ya 64, unaleta udini. Lakini kufundisha kwa makundi ndo kunachochea. Ukisema "Waarabu waliwakamata Waafrika" umewagawa watoto mafungu mawili kabla hujageuka ubaoni. Ukisimulia Swema unakuta mdai wa kijijini, unakuta msafara wa pwani, unakuta mnunuzi wa Unguja, unakuta kijana aliyemfukua, unakuta padri mwenye ajenda yake, na mtoto hana pa kuwaweka wote kwenye fungu moja. Lawama haifutiki, inakuwa na anwani tu.

Muda ndo kisingizio cha mwisho, na hiki nakiheshimu, silabasi ni ndefu na darasa lina watoto tisini. Ila kwa sasa Tanzania tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kizuizi cha lugha kilichokuwa kinatufanya tusome habari zetu kwa Kiingereza cha kuunga kimeondoka. Vipindi viwili vinatosha. Cha kwanza soma ukurasa mmoja wa mtu mmoja, kwa sauti, mwanafunzi ndo asome, halafu maswali matatu: nani anasema, nani aliandika, nini hakijasemwa. Cha pili ramani na mikataba, sasa wakiwa na mtu wa kumfuatilia kwenye hiyo ramani. Kama lazima kitu kipunguzwe ili hivi viwili vipate nafasi, mi ningeanza na ile orodha ya pointi sita za athari, hasa ile inayosema "kupungua kwa nguvukazi".